Twilight Zone ya zamani: episodi zipi ni za kuruka, na kwa nini ni mbovu hivyo?

KichwaNgumu_Tabata

Wakuu heshima kwenu. Nina ile sirizi ya tivii ya Twilight Zone ya kwanza, kila episodi na stori yake ya maajabu, ya enzi za nyeusi na nyeupe, iliyorushwa na kituo cha CBS cha Marekani kuanzia Oktoba 1959 mpaka Juni 1964. Nasema ya kwanza kabisa maana naona watu wanaichanganya na hizi zilizokuja kutengenezwa upya. Jamaa kanijazia zote kwenye flashi, episodi 156, na mimi nikinogewa huwa sikumbuki kulala. Time Enough at Last ya yule mzee wa miwani iliniacha hoi, Monsters Are Due on Maple Street ndo usiseme, umeme umekatika tu majirani wanageukana kama hawajawahi kuombana chumvi. Sasa nimefika mwishoni mwa sizoni ya kwanza nakutana na Mr. Bevis. Jamaa hamnazo anapenda vikorokoro na gari la zamani, kafukuzwa kazi, anatokea malaika, basi. Nimekaa mpaka majina yanapanda nasubiri kitu kitokee, wapi! Inayofuata ni The After Hours, ile ya masanamu ya dukani, moto wa kuotea mbali, nikasema haya tumerudi kwenye reli, kumbe inayofuata tena ni The Mighty Casey, roboti anarusha mpira wa besiboli.

Sasa nauliza. Zipi nyingine mbovu kiasi kwamba nikizipita sipungukiwi na kitu? Na inakuwaje, maana nimecheki hizo zote nilizotaja jina ni moja, Rod Serling, mtu anaandika Maple Street halafu miezi mitatu baadaye anatoa kioja kama Bevis? Za mbovu mwageni mwisho wake sina neno, mtakaomwaga za nzuri nitawaroga.

binti_mwembeladu

Karibu sana, na hapo bado hujakutana na Cavender Is Coming, iko huko karibu na mwisho wa sizoni ya tatu, Mei 1962. Kwangu mimi hiyo ndo inashika mkia. Kwanza ni Bevis ile ile kavalishwa gauni. Dada mmoja anaitwa Agnes, kacheza Carol Burnett, kila kazi anafukuzwa kwa kuvuruga mambo, anashushiwa malaika mvuta sigara ambaye huko juu nako hajafuzu, kapewa saa 24 amnyooshee maisha. Anampa jumba la kifahari, pesa, wageni wa kitajiri, dada wa watu akirudi mtaani kwake hakuna anayemjua, anaomba arudishiwe maisha yake ya mwanzo, anarudishiwa. Mwisho. Na ilipotoka mara ya kwanza ilipachikwa vicheko vya kurekodi, mnajua vile vya komedi za sebuleni, mtu akikohoa tu hahahaha. Kuna nakala zinazozunguka vicheko vimeondolewa, sasa ukiipata hiyo ndo utaona aibu mwenyewe hapo ulipokaa, Burnett anahangaika, anakunja sura, anaacha nafasi watu wacheke, kimya tupu, anaendelea.

Sababu ipo. Bevis na Cavender zote mbili zilitengenezwa kama chambo, yaani wakubwa wakizipenda kila moja izae sirizi yake ya kila wiki. Bevis alitakiwa kucheza Burgess Meredith, huyo huyo mzee wako wa miwani, akakataa, akapewa Orson Bean. Ukishajua hilo unaelewa kwa nini hakuna kinachotokea, ukitaka stelingi wako arudi wiki ijayo na ya mbele yake huwezi kumuua, huwezi kumpa wazimu, huwezi hata kumfunza kitu, lazima umrudishe pale pale ulipomtoa. Na utamu wote wa Twilight Zone ni kwamba mtu hatoki alivyoingia. Halafu juu ya hapo Serling na komedi haviivi chungu kimoja, hilo wala halina mjadala.

mzee_wa_ukwaju

Kuhusu Casey mwanangu usiitukane kabla hujajua kilichotokea nyuma ya pazia. Yule meneja wa timu unayemuona ni Jack Warden, ila mara ya kwanza aliyecheza ni Paul Douglas, na wakati wanashuti alikuwa mgonjwa na hawakujua ni mgonjwa kiasi gani, siku chache baada ya kumaliza akafariki, Septemba 1959. Serling kuangalia walichopiga, ni komedi ambayo ndani yake unamuona mtu anayekufa, hiyo huwezi kumpelekea mtu sebuleni kwake. Akawaomba CBS hela ya kurudia wakagoma. Kampuni yake mwenyewe ikatoa, inasemekana kama dola 27,000 za wakati ule, wakarudia upya na Warden. Ndo maana iko mwishoni mwa sizoni wakati ilishutiwa mapema.

Sasa sisemi kwa hiyo ni nzuri. Ni mbovu. Ila wazo lililomo ndani si baya hata kidogo. Roboti anagongwa na mpira, daktari anampima anakuta hana moyo, ligi inasema asiye na moyo si mtu na asiye mtu hachezi, wanamwekea moyo, na akishapata moyo anaanza kuwaonea huruma wapinzani hawezi tena kuwatoa. Angeandika hiyo kwa siriasi ingekuwa kati ya zinazokumbukwa. Imezidiwa na utani wa kulazimisha, basi.

nyangau_254

Wasee mnaonea komedi bure. Kwani hamjafika sizoni ya nne? Hapo ndo kaburi lilichimbwa. CBS ilikuwa imeshagawa nafasi yake kwenye ratiba ya mwisho wa 1962, Serling akajiendea zake Ohio kufundisha Antioch College, halafu ghafla Januari 1963 wanairudisha wakitaka kila episodi iwe ya saa nzima badala ya nusu saa. Buck Houghton aliyekuwa prodyusa tangu mwanzo alikuwa ashaenda. Zikatoka 18. Sasa fikiria stori ambayo nguvu yake yote ni ile ngumi ya mwisho, halafu unaambiwa ivute mara mbili.

Mfano mbaya kuliko wote ni The Thirty-Fathom Grave. Meli ya kivita ya Marekani iko Pasifiki, wanasikia mtu anagonga chuma chini ya maji, kumbe kuna nyambizi ilizama 1942 vita vikiwa vimepamba moto, na ndani ya meli yuko bwana mmoja, Bell, ndiye pekee aliyetoka hai kwenye hiyo nyambizi na anaamini yeye ndiye aliyesababisha wenzake wafe. Hiyo stori ni kali buda! Dakika 25 ingekunyima usingizi. Lakini ni ya saa nzima, kwa hivyo wanasikiliza ile tong tong tong, wanaangaliana, kapteni anauliza hiyo ni nini, hatujui sir, diver anashuka, anapanda, anaeleza, wanasikiliza tena tong tong tong, kapteni anauliza tena, diver anashuka tena. Bell anazimia, anaamka, anazimia. Mimi kufika katikati nilikuwa nataka kuzama nao.

Halafu I Dream of Genie, hiyo hata si ya Serling, iliandikwa na John Furia. Jamaa anapata taa ya jini na episodi yote anakaa tu akiwaza itakuwaje nikiomba mke mzuri, itakuwaje nikiomba pesa, itakuwaje nikiwa rais. Anawaza! Hakuna anachoomba mpaka mwisho kabisa. Na ya kufunga sizoni, Mei 1963, ni The Bard, jamaa hajui kuandika anamfufua Shakespeare kwa kitabu cha uchawi ili amwandikie skripti za tivii. Hiyo pia saa nzima. Nimemaliza.

binti_mwembeladu

@nyangau_254 umetaja tatu na mbili kati yake ni komedi, ahsante kwa kunisaidia 😂

nyangau_254

Haya basi na On Thursday We Leave for Home? Hiyo ni saa nzima, ni sizoni hiyo hiyo, ameandika Serling huyo huyo, na mimi naiweka kwenye kumi bora za zote. Kwa sababu ni ya kiongozi ambaye anabadilika polepole, sasa huko ule muda anauhitaji, na James Whitmore anautumia wote. Death Ship ya mwandishi Richard Matheson pia. Kwa hivyo ukweli ni kwamba saa ilikuwa inachagua stori, na wao walikuwa wanatupia yoyote tu.

fundi_saa_mbovu

The Bard niacheni nayo kidogo. Ni ndefu, nakubali, na yule mwandishi Moomer anapiga kelele mwanzo mwisho utadhani yuko mnadani. Ila inabidi ujue Serling alikuwa anamsema nani. Kabla ya Twilight Zone alikuwa anaandika michezo ya siriasi ya tivii, akashinda tuzo kwa Patterns na Requiem for a Heavyweight, na 1956 akaandika mchezo uliotokana na mauaji ya Emmett Till, yule kijana mweusi aliyeuawa Mississippi 1955. Wadhamini wakaingia hofu, wakaanza kunyofoa hapa na pale, stori ikahamishwa ikapelekwa New England, kikabaki kitu kisicho na kichwa wala miguu. Wengi wanasema ndo maana alikimbilia kwenye viumbe vya sayari nyingine, akiweka ubaguzi mdomoni kwa mtu wa Mars hakuna muuza sabuni wa kulalamika.

Sasa kwenye The Bard, Shakespeare anaandika, wadhamini wanakata, wanaongeza, wanabadilisha, mpaka anaingia studio kuona mazoezi anakutana na stelingi ambaye ni Burt Reynolds akiwa kijana kabisa, anamuigiza Marlon Brando, anajikuna, ananung'unika, anataka kujua mhusika wake anasukumwa na nini. Shakespeare anamvumilia, anamvumilia, halafu anamtandika ngumi na kuondoka zake. Hiyo ngumi ni ya Serling kwa wadhamini wote wa miaka ya hamsini jamani. Kwa hiyo mimi The Bard siiruki, naangalia mwanzo kidogo naenda moja kwa moja hapo kwa Reynolds.

binti_mwembeladu

Kwa hiyo kati ya saa nzima unaangalia dakika kumi halafu unaitetea. Sawa.

shemeji_wa_taifa

Mmesahau The Whole Truth, sizoni ya pili! Muuza magari mtumba, mwongo wa kutupwa, ananunua gari kuukuu lenye mzimu, kila anayelimiliki hawezi kusema uongo. Biashara inakufa hapo hapo maana mteja akiuliza hili gari vipi anajibiwa ukweli. Hadi hapo unacheka, na kila aliyewahi kununua gari kwa dalali anaelewa. Sasa analitoaje? Analiuza kwa watu wa Nikita Khrushchev, kiongozi wa Usovieti, na anapiga simu ili aunganishwe na Kennedy. Na ilirushwa tarehe 20 Januari 1961, usiku wa siku ile ile Kennedy alipoapishwa. Labda usiku huo watu walicheka. Leo ni kama kukuta kipande cha gazeti la zamani kimefungia maandazi.

Halafu muonekano wake. Kuna episodi sita za sizoni ya pili ambazo CBS walibana matumizi wakarekodi kwa tepu za video badala ya filamu, wakaokoa kama dola 5,000 kwa kila moja. Tatizo kamera za video zilikuwa hazitoki studio, kwa hiyo ile yadi ya magari ambayo inatakiwa iwe nje juani imejengwa ndani, unaona kabisa jua ni la taa na upepo hakuna. Picha yenyewe imefubaa, kila mtu anaonekana yuko kwenye taarifa ya habari.

mzee_wa_ukwaju

Tepu usizilaumu. Night of the Meek nayo ni ya tepu, Art Carney kacheza mlevi aliyevaa mavazi ya Santa, na kila Desemba watu wanairudia. Long Distance Call pia ya tepu, mtoto anaongea na bibi yake marehemu kwa simu ya kuchezea, ile inatisha na huo ufubavu wa picha ndo unaisaidia. Kamera mbaya haijawahi kuua stori nzuri.

sina_usemi

Mimi nachomekea moja ambayo si komedi, si ya saa nzima na si ya tepu ili dada wa Mwembeladu akose pa kushika. Four O'Clock, sizoni ya tatu. Mzee mmoja kajifungia ndani na kasuku wake, ana mafaili ya watu anaowaona waovu, kutwa anapigia simu maboss wao kuwachongea, na kaapa saa kumi jioni ikifika waovu wote duniani watageuka vibete wa futi mbili. Sasa nawaulizeni, saa kumi ikifika nani atageuka kibete? Nyote mmejua. Nimeisimulia kwa sentensi mbili mmejua, na Serling kachukua dakika 25 kuifikia huku mzee anahutubia tu. Inauma kwa sababu mtu wa aina ile tunamjua, wamejaa, na hakumpa hata dakika moja ya kutuonyesha kilichomfikisha pale.

binti_mwembeladu

Hiyo nimekubali, sina pa kushika.

KichwaNgumu_Tabata

Aisee nimesoma zote, nyangau umenivunja mbavu na tong tong tong zako. Kwa hiyo Cavender naruka, Genie naruka, Whole Truth nitaichungulia kwa sababu ya hilo la Kennedy. Sizoni ya tano vipi? Kuna mtu kaniambia huko ndo walichoka kabisa.

nyangau_254

Tano ni bahati nasibu. Nightmare at 20,000 Feet iko huko na Living Doll iko huko, sisemi kitu nisirogwe. Lakini angalia hii, dairekta wa Nightmare ni Richard Donner, yule aliyekuja kufanya Superman ya 1978, na miezi minne baadaye, Februari 1964, Donner huyo huyo anafanya From Agnes, With Love. Kompyuta kubwa kama kabati inampa ushauri wa mapenzi jamaa anayeihudumia, kumbe yenyewe ndo inampenda. Kila ushauri unamharibia, na wewe umeshaelewa tangu ushauri wa kwanza. Kuna ingine ya Januari, Black Leather Jackets, majasusi wa sayari nyingine wamekuja duniani kuweka sumu kwenye maji, na ili wasishtukiwe wamevaa majaketi ya ngozi na kupanda pikipiki za kelele 😂 na bosi wao wanaongea naye kwenye skrini, ni jicho. Jicho tu kubwa. Hiyo usiruke, alika watu muicheke pamoja.

fundi_saa_mbovu

Na The Encounter? Mei 1964. Hiyo mimi siiweki na hizi za vichekesho, ni ubovu wa aina nyingine. Watu wawili wamejifungia darini, mmoja askari mstaafu Mmarekani, wa pili kijana mwenye asili ya Japani kacheza George Takei kabla hajawa Sulu wa Star Trek, na kati yao upanga wa samurai. Robo tatu ya mwanzo ni moto, chuki ya vita inafumuka kidogo kidogo, wale wawili wanajua kazi. Halafu mwandishi anamfanya kijana akiri kwamba baba yake aliwaongoza marubani wa Japani kupiga Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani. Huo ni uongo, hakuna Mmarekani mwenye asili ya Japani aliyethibitika kufanya hivyo, na ni tuhuma za namna hiyo zilizofanya watu kama 120,000 wenye asili ya Japani wafungiwe kambini huko Marekani wakati wa vita. Takei mwenyewe alikulia kambini humo utotoni! Unampa mtu huyo mistari hiyo aiseme. Malalamiko yakaja, na huko Marekani episodi hiyo ikawekwa kando, miaka mingi haikurudiwa kwenye tivii.

mzee_wa_ukwaju

Hiyo aione, ila asome kwanza historia ya zile kambi ndo aiwashe.

sina_usemi

Hapo sijui kama neno mbovu linatosha. Cavender haikumdhuru mtu.

binti_mwembeladu

Kweli. Na nimalizie ya tano kwa iliyorushwa mwisho kabisa, Juni 1964, The Bewitchin' Pool ya Earl Hamner. Watoto wawili wa kitajiri, wazazi wanataka kuachana, wanapiga mbizi kwenye bwawa la nyumbani wanaibukia kwa bibi mmoja anaoka keki na kuwapenda watoto wasio na wa kuwapenda. Mtoto wa kike ni Mary Badham, yule wa To Kill a Mockingbird, mtoto anajua kuigiza yule. Lakini walichorekodi nje kiliharibiwa na kelele, na walipogundua alikuwa ashakwenda kwao Alabama, gharama ya kumrudisha wakaiona kubwa, wakamuweka June Foray aseme badala yake kwenye zile sehemu za nje. Foray ni bingwa, ndo sauti ya yule mdoli Talky Tina kwenye Living Doll. Ila hapa unamsikia mtoto ndani ya nyumba anaongea kwa sauti yake yenye lafudhi ya kusini, anafungua mlango, akikanyaga tu nje anakuwa mtu mwingine! Anarudi ndani, sauti inarudi. Na kama haitoshi ile sehemu ya mwanzo kabisa wameirudia nzima karibu na mwisho, neno kwa neno, kujaza dakika.

shemeji_wa_taifa

Hahaha mimi nilidhani faili langu ndo lina kasoro, nikaishusha upya.

KichwaNgumu_Tabata

Naanza na hiyo leo leo, nikitoka hapo Thirty-Fathom Grave. Nyangau, diver anashuka mara ngapi jumla?

nyangau_254

Hesabu mwenyewe, mimi nilishazama.